Usije Lewisham

Neasden, London
Jumanne, 19 Mei 1998

Bi. Thuwaiba binti Said,

Assalaam alaykum. Nimefika. Sikupotea, sikuibiwa, na sikukujia wewe. Hilo la tatu nalisema mapema maana kwenu nawajua mnavyopenda kudhani. Nimekuja kutazama mashine ya kupigia matofali ya saruji. Niliyonayo kiwandani kwangu Unguja, pale Amani, inapiga mia nne kwa siku. Ya hapa wanasema inapiga elfu mbili. Ndiyo safari yenyewe. Lakini kwa kuwa sasa tumo katika mji mmoja, na kwa kuwa nina swali ambalo lina miaka thelathini na minne, naona si vibaya nikakuuliza uso kwa uso, mbele ya mumeo akipenda. Hata chai sihitaji.

Anwani yako niliipata kwako mwenyewe. Mke wangu alipofariki mwaka wa tisini na tano uliniletea mkono wa taazia, mistari saba, na nyuma ya bahasha ukaandika mtaa na nambari ya nyumba. Mtu asiyetaka kujulikana alipo haandiki nambari ya nyumba.

Nimefikia kwa Ramesh. Utamkumbuka, yule aliyekuwa akiuza misumari na makufuli Darajani, duka la pembeni. Kiswahili chake hakijashika kutu hata kidogo. Alipokuja kunipokea uwanjani alinitazama akasema, “Abdulwakil, umezeeka.” Nikamwambia na yeye amefupika. Basi tukakumbatiana.

Sasa nikwambie nilichokiona, maana sina mwingine wa kumwambia. Ramesh kashazoea, na watoto wangu nikiwaandikia watadhani nimechanganyikiwa. Ndege ilipotoka mawinguni nikaona nyumba. Sikuona mji, niliona nyumba, safu kwa safu, zote tofali jekundu, mpaka jicho linapokomea. Mimi mtu niliyeanza kwa kubeba chokaa kichwani na leo nalisha watu kumi na tisa kwa tofali, nilihisi kama mvuvi anayeonyeshwa bahari mara ya kwanza. Jana alasiri nikasimama mbele ya nyumba ya Ramesh nikahesabu: mistari sitini na minne kwenda juu, matofali ishirini na mawili kwenda upande, toa mlango na madirisha, inabaki kama elfu moja, na huo ni uso mmoja tu. Mtaa una nyumba mia na kumi na sita. Nilipoanza kuzidisha, jirani akamuuliza Ramesh kama mimi ni mtu wa halmashauri niliyekuja kuvunja.

Nani aliyapiga yote haya? Nani aliyabeba? Wallahi nilitaka kuvua kofia.

Tiketi yangu ni ya siku ishirini na moja. Zimebaki ishirini. Niambie siku ya kuja, na nisalimie mumeo Bwana Hilal, ingawa hatujuani.

Abdulwakil bin Juma


Lewisham
Jumatano, 20 Mei 1998

Ndugu Abdulwakil,

Alaykum salaam, na karibu London. Barua yako imeingia asubuhi hii, nami najibu kabla ya posta ya mchana.

Usije Lewisham. Usinielewe vibaya, nakuomba tu: usije mpaka nikuite. Na simu usipige, maana mwenye kuipokea si mimi. Lakini niandikie. Niandikie kila siku ukiweza. Posta ya hapa ni ya ajabu, utaona. Neno la leo kesho limefika.

Ulivyohesabu nyumba ya Ramesh nimecheka peke yangu, nikaogopa kusikiwa. Nimepita mbele ya nyumba kama hizo miaka thelathini na sikuwahi kuliona tofali.

Nikutume? Ukitoka Edgware Road, shuka moja kwa moja mpaka kwenye lile tao jeupe la mawe, vuka barabara, utaingia bustani kubwa. Niambie miti imefika wapi. Majani yameshakuwa mapana au bado? Kuna maua gani? Halafu nenda mtoni. Usiniandikie kama kitabu cha wageni. Niandikie kama ulivyoandika jana.

Thuwaiba


Neasden
Jumamosi, 23 Mei 1998

Bi. Thuwaiba,

Sikia. Mimi ni mgeni, wewe mwenyeji. Mgeni ndiye huuliza miti iko wapi, mwenyeji akamwonyesha. Kwetu tumebadilishana. Na salamu za mumeo hukuzirudisha, hata kwa neno moja. Nimeliona hilo. Sisemi kitu, nasema nimeliona.

Lakini umenituma, nimekwenda.

Ramesh alinifundisha treni ya chini ya ardhi kwa dakika kumi, akanipa ramani yenye mistari ya rangi, akaniacha. Nilishuka ngazi zinazokwenda zenyewe. Kuna moja niliyosimama juu yake nikahesabu pumzi zangu. Zilifika ishirini na tisa kabla sijafika chini. Watu husimama kulia, mwenye haraka akapita kushoto, na hakuna askari anayewaambia. Humo ndani hawazungumzi. Nilimsalimia mzee mmoja akashtuka kama nimemwomba figo. Nikaelewa kwamba chini ya mji huu kuna mji mwingine, na katikati yao watu wanapanda na kushuka kama sisi tunavyoingia na kutoka chumbani. Kuna mtu aliyetazama udongo akasema hapa patapita treni, na pakapita. Nimelifikiria jambo hilo siku nzima.

Miti: majani yamefunguka yote, mapana kama kiganja, na bado laini. Maganda ya shina yanabanduka vipande vipande kama rangi ya zamani. Nililikumbatia shina moja kulipima: pima tatu na shubiri mbili. Mwanamke mwenye mbwa akanipisha njia. Maua ni mekundu na ya manjano, yamepandwa kwa mistari, kila kipande rangi yake.

Halafu mto. Bi. Thuwaiba, mbona hukuniambia? Mto huu unajaa na kupwa! Nilifika karibu na daraja la London saa tatu asubuhi, pana ngazi za mawe zinazoshuka majini, nikaona tatu tu, nyingine zimezama. Nikaenda zangu kutafuta msikiti niswali adhuhuri. Nilipopita tena jioni zilikuwa ishirini na mbili, na chini yake mchanga, na vijana wawili wanaokota vigae. Nilikaa juu ya ukuta. Nimeambiwa bahari iko mbali kiasi cha safari ya gari, lakini inaingia mpaka katikati ya mji, mara mbili kwa siku, hakuna anayeinua kichwa kuitazama. Nilijiona kama nimekutana na mtu wa kwetu.

Zimebaki siku kumi na sita. Je, unaumwa? Kama unaumwa sema.

Abdulwakil


Lewisham
Jumanne, 26 Mei 1998

Ndugu Abdulwakil,

Siumwi. Jana ilikuwa sikukuu, posta haikupita, nami nikakaa kwenye ngazi za ndani mpaka mchana nikisubiri kitu ambacho nilijua hakiji. Leo kimekuja. Ule mto nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu nimemsomea binti yangu Raya, ana miaka kumi na tisa, anasoma chuo. Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza. Akaniuliza ni nani huyu anayekumbatia miti.

Sikukwambia kuhusu mto kwa sababu sikujua. Nilivuka daraja lile kila siku nikienda kazini, miaka kumi na moja, nikitazama saa.

Ramesh yuko Neasden, basi kuna hekalu lao jipya la mawe meupe. Mwambie akupeleke. Wewe mtu wa kujenga, nataka macho yako yalione. Na hivi sasa jua linachwa saa ngapi huko nje? Hapa nyumbani naliona kwenye pazia tu, siamini.

Mashine umeiona?

Thuwaiba


Neasden
Alhamisi, 28 Mei 1998

Bi. Thuwaiba,

Mashine nimeiona. Tusizungumzie mashine.

Ramesh alinipeleka hekaluni. Njiani ananitania, “Usianze kuhesabu huko, watu wanaomba.” Nilivua viatu nikasimama pembeni. Mie Muislamu na pale si pangu, lakini jiwe ni jiwe. Ni marumaru tupu, na ndani yake hawakutia chuma hata kimoja. Ramesh anasema vilikuwa vipande zaidi ya elfu ishirini na sita, vimechongwa Bara Hindi, kila kimoja kikatiwa nambari, vikaja kwa meli, vikaunganishwa hapa. Elfu ishirini na sita, Thuwaiba, na mimi vibarua wangu wakipakia matofali mia mbili wananirudishia mia na tisini na tano. Nikainua uso. Kuba lile limetobolewa jiwe kwa jiwe kama kofia ya kushonwa kwa mkono, ile ya viua, vijitundu vilivyozungushiwa uzi, iliyomchukua mtu mwaka mzima. Mwanga unapita ndani ya jiwe. Shingo iliniuma nisitambue. Ramesh akanishika mkono, akasema polepole, “Nilipofika hapa nilikuwa na sanduku moja. Sasa naja hapa kila Jumapili nakaa.”

Jua: linachwa saa tatu za usiku. Nilidhani saa yangu imekufa. Kwetu jua lina adabu, saa kumi na mbili liko mlangoni linaaga. Hapa nimekula, nimepumzika, nimesoma gazeti lisilosomeka, linanitazama tu. Magharibi nasubiri mpaka nasinzia.

Jana nikaenda Edgware Road kutafuta nyama. Vasanti, mke wa Ramesh, anapika dengu vizuri mno, lakini siku tisa za dengu ni siku tisa. Meza ya jirani walikaa wazee wa Maskati wanazungumza Kiunguja safi, cha zamani, ambacho hata Unguja hakizungumzwi tena. Wakaniita nikae nao. Nilipotaja nyumba ya baba yako mmoja akasema alimjua. Nikapata uchungu ghafla, nyama ikanishinda.

Basi niseme, maana siku zinakwisha. Posa yangu ilijibiwa mwezi wa Rajabu. Harusi ikapangwa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishapita. Mapinduzi yakaingia siku nne kabla ya Ramadhani. Siku ya sita nilipoweza kupita mitaani nilikuja kwenu nikakuta kufuli, na kuku wenu wawili wako nje wanakwaruza. Hamkuacha salamu wala karatasi, hata neno kwa jirani. Kuku niliwachukua mimi, nikawalisha mpaka wakafa kwa uzee, na hakuna aliyeniuliza.

Swali langu ndilo hili: ulikataa wewe, au walikukatalia? Nataka kulisikia kinywani mwako. Nilioa, nilimpenda mke wangu, nilizaa watano, namshukuru Mungu. Lakini swali halikufa.

Jumamosi nakuja. Umenikataza, najua.

Abdulwakil


Neasden
Jumamosi, 30 Mei 1998, jioni

Bi. Thuwaiba,

Nilitembea kwa miguu kutoka daraja la London nikifuata reli, kwa sababu reli yenyewe inapita juu ya matao ya tofali, tao baada ya tao, na kila tao lina karakana au gereji ndani yake. Nilihesabu mia mbili na sita halafu nikapoteza njia nikapanda treni. Sijawahi kuona kazi kama ile. Kichwa changu kilikuwa kimejaa matao nilipofika mlangoni kwako, na moyo wangu ulikuwa mweupe. Nataka ulijue hilo.

Alifungua msichana. Nikamsalimia kwa Kiswahili, nikajitaja jina. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama haonani na mtu. Nikamwambia nimetoka Unguja. Akasema anajua. Anajua! Nyuma yake, kwenye kibao cha viatu, niliona viatu vya mwanamume, vyeusi, vimepigwa rangi. Juu, pazia likatikisika. Msichana akasema samahani, akafunga mlango. Taratibu, lakini aliufunga.

Kwa hiyo mumeo yuko ndani, wewe uko ndani, na mimi ni mtu wa kukupigia stori za miti. Umenituma mji mzima kama tarishi, unasoma, unacheka na mwanao, na chai ambayo sikuihitaji hamkuweza kunipa. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikajiambia ni siasa. Leo nina miaka hamsini na minane. Siasa iko wapi?

Nimebakisha siku tisa. Sitaandika tena. Swali langu nimelifuta.

A. Juma


Lewisham
Jumatatu, 1 Juni 1998

Ndugu Abdulwakil,

Niko eda.

Hilal alifariki tarehe nne Februari, siku tano baada ya Idi. Alikuwa mtu wa Lamu, hana jamaa Unguja, ndiyo maana msiba haukufika kwenu. Tangu siku hiyo sijavuka kizingiti. Sivai rangi, sijitii manukato, simu inapokelewa na dada yake marehemu aliyekuja kukaa nami. Viatu ulivyoviona ni vyake. Kila Ijumaa alikuwa akivipiga rangi, na sijaweza kuvitoa. Raya ndiye anayeendelea kuvipaka.

Raya hakukufukuza. Alirudi juu analia. Aliniambia, “Mum, laiti mimi ningejua kusema eda kwa Kiingereza,” na hicho Kiswahili chake ndicho kirefu kuliko vyote nilivyomsikia mwaka huu.

Utaniuliza mbona sikusema mwanzo. Nilikuwa na siku mia na tano nyuma yangu ulipoandika kutoka Neasden, nimezitazama kuta nne, msimu wote wa miti umepita nyuma ya kioo. Kisha ikaingia barua yenye nyumba ya matofali elfu moja. Nikajua nikikwambia, wewe mtu wa mipaka utakaa kimya, na barua zitakatika. Au hutakaa kimya, utasema neno ambalo mjane haambiwi akiwa ndani ya eda, na hapo ingebidi nikatike mimi. Nikachagua kukuacha ukasirike. Lilikuwa kosa langu, na lilikuwa la ulafi. Nilitaka kutoka nje kwa macho yako. Nisamehe.

Mwaka wa sitini na nne. Sikukataa, wala hawakunikatalia. Baba alirudi nyumbani akasema tuna nusu saa. Tulipofika Mombasa tukasikia kwamba barua zinazotoka nje zinafunguliwa, na anayeandikiwa anaitwa kuulizwa. Kama ilikuwa kweli sijui mpaka leo. Tulisikia na tukaamini. Nikajiambia: kijana huyu ana mikono yake na mama yake, basi, barua yangu moja itamponza. Nikasema nitangoja mwaka. Ukawa miwili. Hapo baba akanipokelea posa ya Hilal. Hilal alikuwa mtu mwema, Abdulwakil, aliniheshimu miaka thelathini na moja, na sitaki umchukie.

Kuku sikujua. Nilidhani waliliwa wiki ile ile. Mungu akulipe.

Eda nahesabu kwa mwezi mwandamo. Inakwisha Ijumaa, tarehe kumi na mbili, jua likichwa. Wewe unaondoka tarehe nane. Hesabu hiyo huhitaji nikufanyie.

Thuwaiba


Neasden
Jumatano, 3 Juni 1998

Bi. Thuwaiba,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu Bwana Hilal, ampanulie kaburi lake, akupe wewe na binti yako subira. Mpe binti salamu zangu, mwambie mzee wa mlangoni ameona haya.

Swali langu limejibiwa. Miaka yote nilikuwa nimekaa na hasira juu ya mtu aliyekuwa ananilinda. Nitahitaji siku kadhaa kuizoea hesabu hiyo.

Tiketi nimeisogeza hadi tarehe ishirini. Sitaandika tena mpaka muda wako uishe, na safari hii si kwa hasira.

Habari moja tu, kwa kuwa ulizipenda. Leo niliona mafundi wanatengeneza ukuta wa kanisa la zamani, na hawatumii saruji, wanatumia chokaa, kama sisi. Niliwauliza kwa mikono, wakanijibu kwa mikono. Wanapaka tabaka, wanalifunika kwa magunia mabichi, wanakwenda zao. Hawalipandishii jingine kabla siku zake hazijatimia. Nami nimekulia katika chokaa. Kusubiri nakujua.

Abdulwakil


Neasden
Jumamosi, 13 Juni 1998

Kwa Bi. Thuwaiba binti Said bin Nassor,

Bismillahi.

Barua ya namna hii huandikiwa baba. Ya kwanza nilimwandikia wako. Safari hii baba yuko mbele ya haki, na kaka yako wa Maskati ambaye ndiye walii wako wa kukuozesha nitamwandikia ukiniruhusu, lakini neno la kwanza ni lako, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Nimeanza kuandika leo asubuhi baada ya kuhakikisha. Jana jua lilichwa saa tatu na dakika kumi na sita. Nilikuwa bustanini nalitazama mpaka likaisha, na hata hapo sikushika kalamu. Nisingependa mtu aseme nilikutangulia hata kwa dakika.

Mimi Abdulwakil bin Juma Haji, fundi mwashi, mgane, miaka hamsini na minane, mwenye nyumba moja, kiwanda kimoja na goti moja bovu, naleta posa kwako. Sina ninachoficha ila kimoja: mashine niliiangalia siku ya pili ya safari, na ilinichukua dakika arobaini.

Mposaji hajipeleki mwenyewe, na hapa sina mjomba wala ami. Wabeba barua ni Ramesh na Vasanti. Najua kwamba si wa dini yetu wala si wa ukoo wangu, na wazee wa Unguja wakisikia watacheka wiki nzima. Lakini ndio watu walionipokea uwanjani na kunilisha, na kwangu hao ndio wazee. Ramesh amevaa suti aliyomwozeshea mwanawe. Ameniuliza mara tano aseme nini. Nimemwambia asiseme kitu, akabidhi tu. Halwa ni ya Edgware Road. Si ya Wete, utanisamehe.

Ukikataa, andika neno moja. Nitakwenda nalo nyumbani, na hutanisikia nikilalamika.

Abdulwakil bin Juma Haji


Lewisham
Jumapili, 14 Juni 1998

Abdulwakil,

Ramesh alisema. Alibisha hodi kwa Kiunguja, akakaa ukingoni mwa kiti, akanikabidhi bahasha kwa mikono miwili, halafu akashindwa kujizuia. “Bi. Thuwaiba,” akaniambia, “mimi nimeuza misumari miaka arobaini. Nikikwambia huu haupindi, haupindi.” Vasanti akamfinya. Dada wa marehemu, ambaye hajatabasamu tangu Februari, alitoka kwenda jikoni na mabega yakicheka.

Kabla yao kufika nilikuwa nimeshatoka. Sikwenda mbali, nilikwenda sokoni tu, peke yangu. Raya alitaka kunisindikiza nikamkatalia. Mlangoni nilisimama, sikukumbuka ni mguu gani huanza. Halafu upepo ukaniingia mikononi mwa nguo. Abdulwakil, kila kitu kina sauti. Wauza matunda wanaita, mabasi yanapumua, mtoto analia kwa ajili ya puto, na mbingu imekwenda juu sana, sikumbuki kama ilikuwa juu hivyo. Nimeishi mji huu tangu nikiwa msichana na jana nilikuwa mgeni ndani yake. Nilinunua kilo ya nyanya ambazo sizihitaji ili nipate kuzungumza na mtu. Nikarudi nikalia, kwa Hilal, kama nilivyokuwa sijamlilia bado.

Sasa nakujibu. Unguja siwezi kurudi kwa sasa. Raya amebakiza miaka miwili chuoni na sitamwacha na nyumba tupu. Wewe huwezi kuacha watu kumi na tisa na mashine. Kwa hiyo ni miaka miwili; utakuja mara moja katikati, nitakuja mara moja. Ukiona ni mingi niambie kabla hujapanda ndege, nisije nikamngoja mtu asiyengoja. Kaka mwandikie. Atanuna, kisha atakubali.

Kuna jambo moja hukulijua. Mwaka ule, posa yako ilipokuja, waliniita chumbani wakaniuliza. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza, kama nilivyofunzwa. Mwari akinyamaza ndiyo imekwisha kusemwa, wakapiga vigelegele. Baadaye nilikuwa nikijiuliza kama na wewe ulikuwa ukijiuliza: yule alinyamaza kwa kutaka au kwa kuogopa? Mjane hapewi ruhusa ya kunyamaza. Sheria inataka aseme mwenyewe, isikike.

Ndiyo.

Nimeliandika, na nimelisema pia kwa sauti, hapa jikoni, peke yangu, ili litimie. Raya akaniuliza kutoka ngazini, kwa Kiingereza chake, ninazungumza na nani.

Thuwaiba binti Said